Herufi Moja Mia Tano

Herufi moja mia tano. Nukta bure.
Ndiyo bei yangu hapa Kanyenye, nimeibandika ukutani
kwa rangi nyekundu, herufi kumi na saba za kujitangaza
ambazo hakuna aliyenilipa.

Mimi ndiye niliyemwandikia Mlekwa wa baiskeli UPEPO UPO.
VUA UVAE, pale kwa fundi cherehani, ni mkono wangu.
Buchani nilichora ng'ombe mwenye macho ya huruma, na chini yake
NYAMA IPO, NYAMAZA ULE.
Mwenye bucha alicheka hadi akasahau kudai chenji.
Maneno ni Kulwa na Doto, huwa nasema:
ita mmoja, wanageuka wote wawili.

Akaja Bi Kalunde wa Ipuli na ndoo mbili,
kitenge kimefungwa pindo, ndani ya pindo elfu mbili.
"Niandikie ASALI."
Asali ni herufi tano, Mama. Elfu mbili na mia tano.
"Basi punguza moja."

Hapo ulimi ukaniwasha.
Nikachovya brashi, chwa, nikaanza kumchezea
kama mtu anayerusha karanga na kuzidaka kwa mdomo:

   Asali ukigeuza, tia i, huwa asili,
   na wa ukiipenyeza, mwanzo wa yote, awali,
   ma nayo ukiingiza, kazi ya mtu, amali,
   ja ndiyo ya kumaliza, weka, upate ajali!

Nikangoja kicheko.
Ndoo moja ikashuka chini, ndi.
Akasema, kwa sauti ya mtu anayesomewa risiti na kuirudia,
kuhusu Luhende mumewe, na lori la mizinga, na Julai ya mwaka juzi.
"Barabara ile ya Sikonge," akasema, "haikuwa barabara."
Neno lilelile mara mbili,
mkazo umehama silabi moja tu,
kama gurudumu linavyohama.
Siku nyingine ningemsifu.
Rangi ikanidondokea kwenye ndala. To. To.

Nikasema pole.
Nikaona hata hilo ukilirudia linakuwa mwendo, polepole,
na kwamba dereva yule hakulirudia,
na kwamba kichwa changu hakiachi, hata msibani hakiachi,
kinapindua kila neno kitazame chini yake kuna nini.

"Shule sikwenda," akasema Bi Kalunde,
"ila masikio ninayo.
Hiyo ajali yako, ikate kichwa. Inabaki nini?"
Jali, nikasema.
"Na asali?"
Sali.
"Zipo ngapi hapo?"
Nne.
"Pesa yako hiyo." Akafungua pindo.

Nikaandika zote tano.
A ya kwanza niliitanua miguu kama ngazi ya mrina asali,
wala sikuidai, na nilijiona mwungwana sana.
Lakini kwa kuwa hili nalo ni la kusomwa, niseme:
ile ya bure niliipaka rangi ya mwisho wa kopo,
nimeizimua kwa petroli, nyepesi kama chai ya mgonjwa.

Mvua za Machi zikaja kwa ubavu, shaa, siku nne.
Nilipopita Ipuli ukuta ulikuwa umebaki na SALI,
na mahali pa A pana doa jekundu lililoteremka hadi sakafuni.
Wateja wanakuja vilevile, akaniambia, harufu haihitaji herufi.
Ila asubuhi ile mwanamume mmoja alisimama na baiskeli yake,
akasoma, akavua kofia,
akabaki nayo mkononi kitambo, hajui aanzie wapi,
kisha akanunua nusu lita.

Nikatoa brashi mfukoni.
"Acha kwanza," akasema,
akafunika ndoo.
Ndani ya ndoo alibaki nyuki mmoja, akiisema peke yake
konsonanti isiyo na irabu,
zzz,
na sikujua ningemtoza kiasi gani.